Paka Anayetapika kwa Nguvu: Jinsi ya Kutafuta Chanzo, Hatua kwa Hatua

Kuna kutapika ambako kila mfuga paka amekuzoea. Paka anainama, tumbo linapiga mara kadhaa, tonge la nywele linatua mbele ya miguu yake, kisha anaondoka zake kama si yeye. Mwongozo huu hauhusu huko. Unahusu kule ambako matapishi yanaruka: yanagonga ukuta, au yanatua mbali na pale aliposimama, na mara nyingi yanakuja bila yeye kupata hata nafasi ya kuinama vizuri.

Matapishi yakiruka namna hiyo, jambo la kwanza la kufikiria ni mlango wa chini wa tumbo, piloro, pale chakula kinapotoka tumboni kuingia kwenye utumbo mwembamba. Kama mlango huo umezibwa au umebana, tumbo hujaa, misuli ya tumbo na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hukamua, na njia iliyobaki ni ya juu tu. Hata hivyo, nguvu peke yake haitoshi kuhukumu. Paka mlafi aliyemeza bakuli zima kwa pupa naye anaweza kurusha chakula mbali, na saa moja baadaye akawa mzima kabisa. Kinachotenganisha jambo dogo na kubwa ni mambo matatu: imepita saa ngapi tangu ale, kilichotoka ni nini, na yukoje baada ya kutapika. Hatua zilizo hapa chini zinakupeleka kwenye majibu ya maswali hayo.

Hatua ya 1: Amua kwanza kama huu ni wakati wa kusoma au wa kukimbia

Mpeleke paka kwa daktari wa mifugo sasa hivi, bila kungoja hatua nyingine, ukiona lolote kati ya haya:

- ametapika mara tatu au zaidi ndani ya saa chache, au hata maji hayakai;
- anajikamua bure, hakuna kinachotoka;
- matapishi yana damu nyekundu, au chembe nyeusi zinazofanana na unga wa kahawa, ambazo ni damu iliyokwisha kuguswa na asidi ya tumbo;
- matapishi yananuka kama kinyesi;
- amelegea, anajificha, tumbo limevimba au analia ukiligusa;
- fizi zimekuwa nyeupe, za kahawia, za buluu au za njano;
- anatetemeka, anapepesuka, ameinamisha kichwa upande mmoja, au mboni za macho hazilingani;
- unajua au unashuku amekula sumu, dawa ya binadamu, uzi au sindano;
- ni mtoto wa paka ambaye hajamaliza chanjo.

Kuna moja nimeliacha nje ya orodha makusudi, kwa sababu ndilo watu wanalolikosa. Paka dume anayetapika huku akiingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anajikaza, na hakitoki kitu au vinatoka vitone viwili. Mwenye paka husema amefunga choo. Mara nyingi si choo, ni mkojo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na ukizibwa na fuwele au ute, sumu ambazo mkojo ungezitoa hurudi kwenye damu, potasiamu, moja ya chumvi za damu, hupanda hadi kuuvuruga moyo, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Hapo kutapika ni dalili tu ya damu iliyochafuka. Usimpe dawa ya kulainisha choo, mpeleke.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni kutapika

Vitu vitatu hufanana kwa mbali.

Kutapika kwenyewe kuna maandalizi: paka analamba midomo, anameza mate mara kwa mara, anatoa udenda, halafu tumbo linaanza kupiga kwa nguvu kabla ya kitu kutoka.

Kucheua ni tofauti. Chakula kinarudi kimya kimya bila tumbo kupiga, muda mfupi baada ya kula, hakijasagika, na mara nyingi kimetoka kwa umbo refu kama mrija wenyewe wa umio. Hapo shida iko kwenye umio, haijafika tumboni. Tahadhari moja hapa: paka waliomeza vidonge vikavu, hasa doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria), bila maji ya kuvisukuma huweza kupata kidonda kwenye umio, na kidonda kikipona kwa kovu, njia hubana.

Cha tatu ni kikohozi. Paka mwenye pumu huchuchumaa, hunyoosha shingo mbele karibu na sakafu, na hutoa sauti ya kukwaruza ambayo wengi huiita ya nywele kukwama. Mwishoni anaweza kumeza mate na kuondoka bila kutoa kitu. Ukiona hivyo mara kwa mara na nywele hazitoki, tatizo ni la mapafu.

Njia rahisi ya kumaliza ubishi ni kurekodi video kwa simu. Sekunde 20 za video humsaidia daktari kuliko maelezo yako ya dakika kumi.

Hatua ya 3: Yaangalie matapishi kabla hujayafuta

Najua si kazi ya kufurahisha. Lakini piga picha kwanza, weka kitu kando yake kuonyesha ukubwa, ndipo ufute. Vaa glavu, chambua kwa kijiti.

Chakula kizima kilichotoka ndani ya dakika chache baada ya kula huelekeza kwenye ulaji wa pupa au umio. Chakula kilichokaa tumboni saa 8, 10 au zaidi na bado kinatambulika ndicho cha kukupa wasiwasi, kwa sababu tumbo la paka lilipaswa kuwa limekwisha kukisukuma. Chakula cha jana usiku kikirushwa leo mchana, chukulia kwamba njia ya kutokea imezibwa hadi picha za hospitali zithibitishe vinginevyo.

Maji ya njano au ya kijani ni nyongo. Yakitoka alfajiri kwa paka mwenye njaa, si lazima yawe balaa. Lakini nyongo ina jambo moja la kukufundisha: inaingia kwenye utumbo chini kidogo ya piloro, kwa hiyo matapishi mengi yanayoruka na yasiyo na nyongo kabisa yanaonyesha kwamba kizuizi kiko pale pale mlangoni. Povu jeupe ni mate na ute wa tumbo tupu, halikuelekezi popote hasa.

Ukikuta minyoo mirefu, myeupe, iliyojikunja, hiyo ni minyoo ya mviringo, ya kawaida sana kwa watoto wa paka, maana huipata hata kwenye maziwa ya mama. Chunguza pia vipande vya plastiki, sponji, mpira wa kubania nywele, majani na petali za maua.

Kuhusu nywele: paka mwenye manyoya marefu kutoa tonge moja mara chache ni kawaida. Akitoa kila wiki, usiendelee kumsingizia ulimi wake. Ama anajilamba kupita kiasi kwa sababu ya viroboto, mzio au maumivu, ama utumbo wake hausukumi vizuri na nywele zinabaki tumboni. Kwa maoni yangu hakuna maelezo yaliyochelewesha matibabu ya paka wengi kuliko "ni nywele tu".

Hatua ya 4: Tazama chini ya ulimi

Hatua hii huchukua nusu dakika na wengi huiruka. Paka hupenda kucheza na uzi, utepe, kamba ya zawadi, nyuzi za kushonea. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukishaingia mdomoni, kuutema ni kazi ngumu. Atameza.

Hatari ni pale kitanzi cha uzi kinaponasa chini ya ulimi, au fundo linapokwama kwenye piloro, huku ncha nyingine ikiendelea kushuka. Utumbo hujaribu kuusukuma, uzi haujongei, basi utumbo wenyewe ndio unaopanda juu ya uzi na kujikunja marinda, kama mdomo wa mfuko unapovutwa kamba yake. Uzi ukikaza, hukata ukuta wa utumbo kwa ndani, na vilivyomo humwagika tumboni. Paka wa namna hii hutapika sana, hali, na baada ya siku moja au mbili hulala tu.

Kuangalia: shika kichwa kutoka juu kwa mkono mmoja, fungua taya la chini kwa kidole cha mkono mwingine, halafu kwa kidole gumba sukuma juu ile nyama laini iliyo katikati ya mifupa ya taya, kwa nje. Ulimi utainuka. Tafuta mstari mwembamba au kidonda kwenye mkunjo wa chini. Akikataa, acha, usije ukaumwa. Daktari atamtuliza kwa dawa.

Ukiukuta uzi, usiuvute. Ukiuona unaning'inia nyuma, mkunduni, usiuvute pia. Kuvuta ni kufanya ile kazi ya kukata utumbo kwa mkono wako mwenyewe.

Hatua ya 5: Pita kila chumba ukitafuta sumu

Anza na maua. Yungiyungi, yale ya jamii ya Lilium na Hemerocallis yenye petali ndefu na chavua nyingi ya rangi ya chungwa au kahawia, huua figo za paka. Si lazima ale ua. Chavua ikimdondokea mgongoni akailamba, au akinywa maji ya chombo cha maua, inatosha. Kwanza hutapika, kisha huonekana kama amepata nafuu, halafu figo hushindwa ndani ya siku moja hadi tatu. Hiyo nafuu ya katikati ndiyo inayowadanganya watu. Matibabu ya dripu yanasaidia sana yakianza kabla figo hazijaharibika, na yanasaidia kidogo mno yakichelewa.

Fuata dawa za binadamu. Parasetamoli haina dozi salama kwa paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba. Ibuprofeni na dawa nyingine za maumivu za kundi hilo huchoma tumbo na kuharibu figo.

Kisha angalia dawa ya viroboto. Ile ya mbwa yenye permethrini ikipakwa paka humletea mitetemeko na degedege, na paka akilala na mbwa aliyepakwa punde anaweza kupata dozi yake hapo. Maji ya kuzuia kuganda kwenye injini ya gari yana ethilini glaikoli, na kiasi kidogo tu kinatosha kumaliza figo. Vitunguu maji, vitunguu saumu na sumu za panya vyote vinaingia kwenye orodha.

Ukipata kitu, beba pakiti, au piga picha ya mmea. Usimtapishe kwa chumvi, wala kwa maji ya oksijeni ya kusafishia vidonda. Kwa paka njia hizo huchoma tumbo na zinaweza kumwongezea sumu juu ya sumu.

Hatua ya 6: Linganisha na umri na mwenendo wake

Mtoto wa paka anayetapika ghafla, hataki kula, amelala kando ya bakuli la maji bila kunywa, fikiria kirusi cha panlyukopenia. Ni ndugu wa kirusi cha pavo cha mbwa, hushusha chembe nyeupe za damu na huua wengi wasiochanjwa. Hukaa kwenye mazingira kwa muda mrefu, hata mwaka, na sabuni ya kawaida hakiogopi. Klorini ndiyo inayokiweza. Kwa mtoto mchangamfu anayetaka kula lakini anarusha chakula karibu kila mlo tangu alipoanza chakula kigumu, na haongezeki uzito, piloro inaweza kuwa imebana tangu kuzaliwa. Tatizo hili limeonekana zaidi kwa paka wa Siamese, na upasuaji hulitibu.

Paka mzima wa makamo: kwanza vitu alivyomeza. Ukivitoa hivyo, angalia chakula. Chakula kilichobadilishwa ghafla huchafua tumbo, ndiyo maana mabadiliko hufanywa kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Mzio wa protini fulani, mara nyingi ya ng'ombe, samaki au kuku, huleta kutapika kusikoisha, pengine na kujikuna kichwani na shingoni. Kuuthibitisha kunahitaji mlo maalumu usio na protini aliyoizoea kwa wiki 8 hivi, na hapo hata kipande kimoja cha kitu kingine kinaharibu jaribio zima. Wapo pia wenye uvimbe sugu wa utumbo (ukuta wake kuwaka na kuvimba, si saratani) na wenye kongosho lililovimba vivyo hivyo. Paka mwenye kongosho bovu si lazima alie wala ajikunje. Mara nyingi anachofanya ni kukataa chakula na kukaa amejikunyata.

Paka wa miaka 10 na kuendelea ana washukiwa wake. Anakula kuliko zamani na bado anakonda, hatulii, analia usiku: pima tezi ya thairoidi. Anakunywa maji mengi, anakojoa sana, pumzi inanuka: pima figo. Anakonda polepole na kutapika kumezoeleka: saratani ya utumbo, hasa limfoma, nayo iko kwenye orodha, na aina yake ya polepole hufanana sana na ule uvimbe sugu hadi kipande cha utumbo kipimwe. Kinyesi kilichokauka na kujazana nacho huleta kutapika kwa wazee, wakati wa kujikaza au mara baada ya hapo.

Mara chache chanzo kiko kichwani: pigo, uvimbe wa ubongo, au shinikizo ndani ya fuvu. Hapo matapishi huweza kuruka bila zile dalili za kichefuchefu, na mwendo wake nao hubadilika.

Hatua ya 7: Kumtunza nyumbani, kwa anayestahili

Anayestahili ni paka mzima, mwenye afya, aliyetapika mara moja au mbili, anatembea, anakuangalia, hana dalili yoyote ya Hatua ya 1. Watoto wa paka, wajawazito, wenye kisukari na wagonjwa wa figo hawamo.

Pima maji mwilini kwanza. Gusa ufizi: unapaswa kuteleza, si kunata. Ubonyeze kwa kidole hadi uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vuta ngozi ya kati ya mabega na uiachie. Ikirudi taratibu, amekauka, ingawa kwa paka mzee ngozi hulegea hata akiwa sawa, kwa hiyo amini ufizi zaidi.

Ondoa chakula kwa saa 6 hadi 8. Maji usimnyime, ila mpe kidogo kidogo, vijiko viwili vitatu kila nusu saa, maana akinywa bakuli zima kwa mkupuo atalirusha tena. Baada ya hapo mpe kijiko kimoja cha kuku aliyechemshwa bila ngozi, bila chumvi na bila kitunguu. Kikikaa, rudia kila baada ya saa 3 au 4. Kesho yake ongeza kiasi, na ndani ya siku tatu changanya na chakula chake cha kawaida.

Usimlazimishe kunywa mafuta wala maziwa. Mafuta yakiingia kwenye njia ya hewa huleta nimonia mbaya. Usimpe dawa ya kuzuia kutapika uliyobakiza, kwa sababu kama kuna kizuizi, utakuwa umezima kengele tu na kizuizi kimebaki.

Asipokula kabisa kwa saa 24, mpeleke, hata kama ameacha kutapika. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulifunga, na huo ni ugonjwa mpya juu ya ule wa kwanza. Ishara nyingine ya kutongoja: kidevu kimeshuka kifuani, hawezi kuinua shingo, anakutazama kwa macho ya juu. Hiyo ni potasiamu iliyoshuka, na paka aliyetapika sana huipoteza haraka.

Kwa mlafi, tiba ni chombo. Tandaza chakula kwenye sinia pana, gawa mlo wa siku mara nne au zaidi, na kama kuna paka wengine, mlishe chumba chake. Wengi hula kwa pupa kwa sababu kuna jicho linalowatazama.

Hatua ya 8: Kwa daktari, nenda na hoja

Mweleze: ilianza lini, mara ngapi kwa siku, muda tangu mlo wa mwisho, kilichotoka, choo na mkojo wa mwisho, dawa na chanjo, na kitu chochote kilichopotea nyumbani. Onyesha picha na video.

Tarajia apapase tumbo, atazame chini ya ulimi, apime damu na mkojo, na kwa mzee aongeze kipimo cha thairoidi. Eksirei huonyesha chuma, mfupa na gesi iliyojikusanya, lakini uzi na plastiki laini huenda visionekane vyenyewe. Kinachoonekana ni utumbo uliojikunja. Kwa hiyo ukiambiwa picha iko safi na paka bado anarusha chakula, omba altrasaundi, au urudie picha baada ya saa kadhaa. Kamera ya kuingiza tumboni inaweza kutoa kitu kilichokwama bila kupasua, ilimradi hakijapita piloro. Kikishapita, kwa kawaida kinachobaki ni kisu.

Na kama anatapika kwa zaidi ya wiki tatu, hata mara moja moja na hata akiwa mchangamfu, mpime uzito kila wiki. Panda wewe mizani ukiwa umembeba, halafu panda peke yako, utoe tofauti. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400, amepoteza moja ya kumi ya mwili wake, na chini ya manyoya jicho haliwezi kuiona.